Nyota Iliyolia: Uchambuzi wa Mapambo ya Krismasi Yaliyoharibika kwa Usiku Mmoja

"Mwalimu, nyota yangu inalia."

Aliyeniambia hivyo ni mtoto wa miaka saba, Jumapili asubuhi, ameinua kwa vidole viwili nyota ya unga wa chumvi aliyoifinyanga mwenyewe siku iliyotangulia. Niliinama kuitazama. Kweli, vitone vya maji vilikuwa vimejipanga kwenye ncha zake tano, na rangi nyekundu aliyoipaka ilikuwa ikichuruzika kuelekea kiganjani mwake. Nyuma yake mnyororo wa karatasi tuliouvuta kutoka pembe hadi pembe ya ukuta ulikuwa umebaki umeshikilia upande mmoja tu. Upande wa pili ulilala sakafuni.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu wengi wanaokaa na watoto kutengeneza mapambo ya Krismasi hukutana nacho kwa namna moja au nyingine, na lawama huwaangukia watoto: hawakushika vizuri, hawana subira, wamemwaga gundi. Mimi pia nilianza na mawazo hayo. Baada ya kukagua kila kilichovunjika, kimoja baada ya kingine, nimeyaacha.

Jumamosi ilivyokwenda

Tulikuwa watu wazima watatu na watoto 22, wa miaka 5 hadi 12. Krismasi ilikuwa imebakiza wiki mbili. Ukumbi tulipewa kuanzia saa 8 mchana hadi saa 11 jioni, na tuliwaahidi watoto kwamba hawataondoka kabla ya kuuona umepambwa. Ahadi hiyo ndiyo iliyotuponza, ingawa siku ile ilionekana ni jambo jema.

Tulichagua kazi tatu, zote za aina ambayo kila mtu huiita rahisi. Wadogo wangeunganisha minyororo ya karatasi: kipande kirefu kinakunjwa kuwa pete, kinagandishwa kwa gundi nyeupe, kipande kingine kinapitishwa ndani yake, na kuendelea. Wa kati wangekunja karatasi na kukata nyota za theluji za kubandika madirishani. Wakubwa wangefinyanga nyota na malaika kwa unga wa chumvi, ambao ni vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini na maji yapatayo kikombe 1. Wangevioka, wangevipaka rangi, kisha wangevitunga uzi. Yule wa miaka saba alipaswa kukaa meza ya karatasi, lakini aliuomba unga kwa macho ambayo sikuweza kuyakatalia.

Mpaka saa 9 na nusu mambo yalikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Kilichotubana ni unga. Ulikuwa ukipasuka pasuka mikononi, watoto wakaongeza maji, ukalainika sana, wakaongeza unga, na ulipokuja kukubali kusukumwa dakika nyingi zilikuwa zimepotea. Nyota ziliingia kwenye oveni saa 9:40. Tulijua kwamba unga wa chumvi hutaka moto mdogo na muda mrefu. Tukapandisha moto hadi nyuzi 180 za Selsiasi, tukazitoa baada ya dakika 40. Kwa kuzigonga na kucha zilikuwa ngumu, pembeni zimeanza kuwa za kahawia, na baadhi zilikuwa zimevimba tumbo. Watoto walizipaka rangi ya maji zikiwa bado na joto. Saa 11 kamili karibu kila kitu kilikuwa kimetundikwa, na watoto walipiga makofi.

Usiku ule mvua ilinyesha hadi alfajiri.

Hesabu ya asubuhi ilikuwa hivi. Minyororo ilikuwa 5, na 4 ilikuwa imekatika. Nyota na malaika wa unga walikuwa 31. 17 walikuwa wamelowa au kulegea, na 6 kati ya hao walikuwa wameanguka baada ya tundu la uzi kuchanika. Nyota za theluji hazikuanguka hata moja, ila zilizokamilika zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa na pembe nane badala ya sita.

"Dada, hawa hawakuishikilia gundi hata sekunde kumi," mwenzangu aliniambia tukiokota vipande. Nilimwambia tusitupe kitu. Tuliviweka vyote mezani, tukatenga vilivyovunjika na vilivyosalimika, tukaanza kuangalia.

Gundi iliyobaki nyeupe

Gundi nyeupe ya watoto ina sifa moja inayosaidia sana katika uchunguzi wa namna hii: ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa angavu. Tulifungua viungo vilivyoachia. Pembezoni gundi ilikuwa angavu, katikati ilikuwa bado nyeupe. Hii ni baada ya saa 15.

Sababu yake iko katika gundi yenyewe. Ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea ndani ya maji, na haishiki mpaka maji yaondoke. Yakiondoka, chembe husogeleana na kuungana. Kati ya tabaka mbili za karatasi nzito maji yana njia chache za kutokea: kidogo hunywewa na karatasi, yaliyobaki hutokea pembeni. Ukipaka nyembamba, muda si mrefu kiungo kinashika. Ukipaka tope, unakuwa umeweka dimbwi katikati. Na watoto wale walipaka tope kwa sababu sisi wakubwa, kila pete ilipofunguka, tuliwaambia "ongeza gundi". Neno hilo nililisema mimi mwenyewe mara nyingi sana mchana ule, na kila nilipolisema nilikuwa nadhoofisha pete nyingine.

Karatasi nayo ilikuwa upande wa adui. Tulitumia manila kwa sababu rangi zake zinapendeza. Manila ni nzito, na kipande chake ukikikunja kuwa pete kinataka kunyooka tena. Kwa hiyo kila kiungo kilikuwa kikisukumwa kifunguke usiku kucha huku gundi ikiwa bado mbichi. Karatasi ya kawaida ya kuandikia haina nguvu hiyo.

Kulikuwa na jambo la tatu, na hili lilinishangaza. Katika minyororo 4 iliyokatika, 3 ilikatikia kwenye pete ya kwanza au ya pili kutoka kwenye msumari. Si bahati. Mnyororo ulioning'inizwa kwa ncha mbili huvutwa kwa nguvu zaidi kwenye ncha kuliko mahali pengine popote, na kadiri unavyouvuta unyooke ndivyo mzigo unavyozidi. Ukuta wetu una mita 4. Mnyororo wa urefu huo, wenye pete zinazotokana na vipande vya sentimita 21 kwa 3, unahitaji pete kama 67. Karatasi ya A4 inatoa vipande 9, basi ni karatasi 8. Kwa manila ya gramu 160 kwa mita ya mraba, kila kipande kina gramu 1 hivi, kwa hiyo mnyororo mzima ni gramu 70 hivi. Ukiuachia ushuke nusu mita katikati, ncha zinavutwa kwa nguvu inayokaribiana na uzito huo huo. Ukiuvuta mpaka ushuke sentimita 10 tu, nguvu hiyo inafika karibu mara tano, kana kwamba umetundika gramu 350 kwenye pete ya mwisho. Sisi tulipanda juu ya kiti tukauvuta mpaka ukanyooka, kwa sababu tuliona ndivyo unavyopendeza. Mnyororo mmoja uliosalimika ni ule ambao msumari wake haukufika, tukauacha ulegee.

Ndani ya nyota

Nilichukua nyota moja iliyoanguka nikaivunja katikati. Ganda la juu, lenye unene wa kama milimita mbili kila upande, lilikuwa gumu na jeupe. Ndani mlikuwa na unga mbichi, wa kijivu, unaobonyea kwa kidole. Nikavunja ya pili na ya tatu, hali ileile. Moto mkali uliwahi kulifunga ganda la nje na kuyafungia maji ndani. Zile zilizovimba tumbo ndizo ambazo mvuke ulikuwa ukitafuta mlango. Ndipo tukaongeza maji mengine juu yake kwa rangi ya maji, ambayo inapogusa chumvi ya juu huiyeyusha.

Hata hivyo hilo halikueleza machozi. Unyevu wa ndani hulegeza, lakini vitone juu ya ncha vilitoka wapi?

Vilitoka hewani. Chumvi ya kawaida huvuta maji ya hewani, na unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 75 huanza kuyeyuka katika maji hayo iliyoyavuta. Usiku wa mvua, katika ukumbi wenye madirisha yaliyoachwa wazi kwa juu, kiwango hicho ni rahisi kupitwa. Nyota ile haikupakwa kitu chochote cha kuikinga. Theluthi moja ya unga mkavu uliotumika kuifinyanga ni chumvi, kwa vipimo vya kikombe. Ilikunywa hewa usiku kucha, na maji ya chumvi yakajikusanya kwenye ncha. Ukivilamba vile vitone ungesikia chumvi tupu, na mtoto yule alikwisha kuvilamba kabla sijawahi kumzuia, ndiyo maana aliamua kwamba ni machozi.

Sasa nieleze kilichonishawishi kuliko hayo yote. Miongoni mwa vilivyosalimika kulikuwa na nyota 4 zilizokuwa kavu kabisa, nyepesi, zinazolia kama kigae ukizigonganisha. Zote zilikuwa za msichana mmoja wa miaka 11. Huyo ndiye tuliyemhimiza kuliko wote, maana alikuwa nyuma. Aliusukuma unga wake mwembamba, kama milimita 4, akakata polepole kwa kufuata kigezo cha karatasi, na wenzake walipoanza kupaka rangi yeye alikuwa ndiyo kwanza anamaliza. Nyota zake ziliingia kwenye oveni mwisho, tukaizima, na yeye akaziacha humo humo mpaka asubuhi. Zilikaushwa na joto lililokuwa likipungua taratibu, usiku mzima, na hazikuguswa na rangi wala hewa ya mvua. Msichana tuliyemwona mzembe ndiye peke yake aliyeufuata unga unavyotaka.

Nilimwonyesha mwenzangu zile nne kando ya vipande vya zile nyingine. Hakusema tena habari ya watoto kutoshikilia gundi.

Matundu sitayasemea sana: mengi yalitobolewa milimita mbili au tatu kutoka ukingoni, na machache yalitobolewa kwa msumari baada ya kuoka, yakaacha nyufa. Tundu litobolewe unga ukiwa mbichi, kwa mrija, likae angalau sentimita moja kutoka ukingoni. Basi.

Kwa nini pembe nane

Nyota za theluji zilishindwa kwa sababu nyingine kabisa. Mtoto akiachiwa karatasi, hukunja nusu, tena nusu, tena nusu. Hiyo inazaa pembe nne au nane, na hakuna kosa katika mkono wake, ila theluji ya kweli haina nane. Maji yanapoganda, chembe zake hujipanga katika umbo la pembe sita, na kipande cha theluji hukua kwa kufuata mpangilio huo. Mwaka 1611 Johannes Kepler aliandika kijitabu kumpa rafiki yake zawadi ya mwaka mpya akiuliza swali hilo hilo, kwa nini sita siku zote. Na mwaka 1885 Wilson Bentley, mkulima wa Vermont nchini Marekani, alifanikiwa kupiga picha kipande kimoja kwa kamera iliyofungwa kwenye hadubini, akaja kupiga zaidi ya 5,000 maishani mwake. Niliwasimulia watoto habari hii baadaye, na nikaona kwamba wale waliochoka na makasi walirudi mezani.

Ili upate sita, karatasi ya mraba inakunjwa nusu, kisha nusu hiyo inagawanywa katika sehemu tatu sawa, kila moja ya nyuzi 60, kutoka katikati ya ukingo uliokunjwa. Vitabu vingi vya kazi za mikono huongeza mkunjo mmoja zaidi. Hapo ndipo watoto wetu wa miaka saba na minane walipokwama, kwa sababu mkunjo huo wa mwisho unafanya tabaka 12, na tabaka 12 za karatasi ya kawaida zina unene wa zaidi ya milimita moja. Makasi ya watoto, yale ya ncha butu, hayakati, yanatafuna. Watoto walivuta, karatasi ikachanika, wakaambiwa wawe waangalifu.

Dawa yake ni kuuacha mkunjo wa mwisho. Tabaka zinabaki 6, na mtoto anaambiwa kila anachokata ukingo wa kushoto akikate vilevile ukingo wa kulia. Nyota inafunguka na pembe zake sita. Ukipata karatasi nyembamba zaidi, hata wa miaka sita anaweza.

Jumamosi ya pili

Tuliomba ukumbi tena. Safari hii hatukubadilisha kazi, tulibadilisha mpangilio wake, kwa kufuata swali moja: ni kipi kitasubiri maji yatoke, na kwa muda gani?

Unga ulitangulia kila kitu. Tuliukanda nyumbani asubuhi, maji yakitiwa kidogo kidogo mpaka unga uliposhikana, ukaachwa umefunikwa nusu saa ili unga unywe maji yake. Watoto walipofika saa 8, watu wote, wadogo na wakubwa, walianza kwa kufinyanga. Vijiti viwili vya unene wa milimita 5 viliwekwa pande mbili za kila donge, na kisukumio kikapita juu ya vijiti, kwa hiyo hakuna nyota iliyozidi kimo hicho. Saa 8:45 zote zilikuwa kwenye oveni kwa nyuzi 100. Zikabaki humo saa 3, zikigeuzwa kila baada ya saa moja, na moto ulipozimwa tukaziacha ndani mpaka kesho yake. Hakuna aliyepaka rangi siku hiyo.

Ahadi yetu kwa watoto pia ilibadilika. Niliwaambia tangu mwanzo: leo tunatengeneza, kesho tunapaka, Jumatano tunatundika. Nilikuwa na hofu watanuna. Waliuliza tu kama nyota zitalala peke yake.

Kwa minyororo wadogo hawakupewa gundi. Kila kipande kilikatwa mpasuo wa nusu ya upana karibu na kila mwisho, mmoja ukitoka ukingo wa juu, mwingine ukingo wa chini, na mtoto alichomeka mpasuo ndani ya mpasuo mpaka pete ikajifunga. Mkono wa miaka mitano unaliweza jambo hilo baada ya mara mbili tatu, na ile furaha ya kusikia pete imejifunga sikuiona kwenye gundi hata mara moja. Wakubwa kidogo walitumia stepla. Karatasi ilikuwa ya kawaida ya gramu 80, kwa hiyo mnyororo mzima ulikuwa na gramu 35 hivi. Tuliutundika ukashuka nusu mita katikati, na chini ya pete za mwisho tulipitisha uzi ili msumari usiishike karatasi moja kwa moja.

Kaka mmoja alileta nyumba ndogo za karatasi na taa za kuweka ndani, zinazotumia betri ndogo bapa zinazofanana na kifungo. Nyumba tulizichukua, taa tukamrudishia. Betri hizo mtoto akimeza zinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, na tulikuwa na wa miaka mitano mezani. Alielewa. Pia tuliwaeleza wazazi kuhusu unga wa chumvi: mwenye mbwa atundike juu, kwa maana chumvi iliyo katika pambo moja tu inaweza kumdhuru mbwa vibaya.

Jumapili nyota zilitoka kwenye oveni. Kila mtoto nilimfundisha kipimo cha wafinyanzi: iweke shavuni. Kitu chenye maji ndani huhisi baridi, kwa sababu maji yanapotoka huondoka na joto. Kilichokauka hakina baridi. Nyota 5 kati ya 34 zilikuwa bado na baridi, zikarudi kwenye oveni, na wenyewe walikubali bila neno kwa kuwa shavu lao ndilo lililoamua. Zilizobaki zilipakwa rangi ya akriliki, nyembamba, na zilipokauka zikapakwa vanishi mara mbili, mbele, nyuma, ukingoni na ndani ya tundu. Hapo kwenye tundu na mgongoni ndipo watu wengi huruka, na hapo ndipo hewa inapoingilia. Mgongo wa pambo hauonekani, lakini chumvi haijui hilo.

Tulitundika Jumatano. Alhamisi usiku mvua ilinyesha tena, na nakiri nililala nikiisikiliza.

Ijumaa nilikwenda mapema. Minyororo yote 5 ilikuwa juu. Nyota moja ilikuwa chini, uzi wake ulifunguka fundo. Yenyewe ilikuwa nzima. Nilikuwa ninaifunga upya pale yule wa miaka saba alipoingia na mama yake. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye nyota yake nyekundu, akashindwa kuifikia, akaniangalia. Nilimtungulia. Hakuitazama ncha zake kama nilivyodhani. Aliiweka shavuni, akafumba macho, akatulia kidogo.

"Haina baridi, Mwalimu," alisema, akanirudishia niitundike.